Binti Atosha: Mwongozo wa Kusoma Visasili vya Kigiriki Vilivyosimuliwa Upya

Majina ya kale yamerudi juu ya majalada mapya. Mwaka 2005 Margaret Atwood alimpa Penelope nafasi ya kujieleza katika The Penelopiad. Mwaka 2018 Madeline Miller alimtoa Circe pembezoni mwa Odisei, utenzi wa kale wa Kigiriki, akamfanya mwenye hadithi, na mwaka huohuo Pat Barker akaisimulia vita ya Troia kupitia kwa Briseis, mwanamke aliyetekwa na kugawiwa Achilles kama ngawira. Waandishi wengine wamekwenda mbele zaidi. Wamewapa wanawake wa visasili kauli, na pia wamewaacha wapendane wao kwa wao.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuvisoma vitabu hivi kwa makini, ukitaka kujua kila kimoja kimefanya nini na hadithi kilichoirithi. Nitatumia kitabu kimoja kama mfano mkuu: Girl Meets Boy cha Ali Smith, mwandishi wa Uskoti, kilichotoka mwaka 2007. Ni kifupi, kurasa hazifiki 200. Kinatokana na kisa kimoja tu cha kale, kwa hiyo ni rahisi kuviweka viwili hivyo mezani na kuvilinganisha. Tena kinaonyesha wazi kwamba haki ya mwanamke kuishi na haki ya mwanamke kumpenda mwanamke mwenzake zinaweza kuwa jambo moja.

Hatua ya kwanza: soma kisa cha kale chote

Wasomaji wengi huanza na kitabu kipya, halafu wanaridhika na muhtasari wa kile cha kale. Geuza utaratibu huo. Kisa cha Iphis na Ianthe kimo katika Metamorphoses ya Ovid, mshairi wa Kirumi aliyekusanya visasili vya Ugiriki katika vitabu 15 vya mashairi, takriban mwaka 8 BK. Kiko mwishoni mwa kitabu cha 9 na hakizidi mistari 140, kwa hiyo utakimaliza kwa kikao kimoja. Tafsiri za zamani za Kiingereza zimekwisha muda wa hakimiliki, na zinapatikana bure kwenye intaneti.

Kisa kinaanzia Phaestus, kisiwani Krete. Ligdus, mtu huru lakini fukara, anamwambia mkewe Telethusa aliye mjamzito kwamba anamwombea mambo mawili: ajifungue salama, na ajifungue mtoto wa kiume. Akizaliwa wa kike, auawe. Mume analia anapoyatamka hayo na mke analia anapoyasikia, lakini amri inabaki palepale. Usiku, Isis, mungu wa kike kutoka Misri, anamtokea Telethusa na kumwagiza amlee mtoto huyo awe wa jinsia yoyote.

Anazaliwa msichana. Mama anamwambia mumewe kwamba ni mvulana, na baba anampa mtoto jina la babu, Iphis. Jina hilo linafaa kwa mvulana na kwa msichana pia, na mama anafurahi kwamba hapo angalau hamdanganyi mtu. Mtoto anakua katika mavazi ya kiume. Akiwa na miaka 13, baba anamposea Ianthe, binti wa Telestes. Wawili hawa wana umri mmoja, wamefundishwa na walimu walewale, na wanapendana kwa kipimo kilekile. Ianthe anaisubiri harusi kwa hamu. Iphis anaisubiri kwa machozi: anajiona kioja, anasema hata ng'ombe jike hamtamani jike mwenzake, na kwamba hata Pasiphae, malkia wa Krete aliyempenda fahali, angalau alipenda dume.

Mama anasogeza siku. Mara anasingizia ugonjwa, mara ndoto mbaya, mara ishara za mkosi. Visingizio vinapomwishia, siku moja kabla ya harusi anamchukua bintiye hekaluni, wote wawili nywele zimefumuliwa, anaikumbatia madhabahu na kumlilia Isis. Madhabahu inatikisika, milango inatetemeka. Wakitoka nje, Iphis anapiga hatua ndefu kuliko kawaida yake. Uso wake umekoza rangi, nywele zimekuwa fupi. Amekuwa mvulana, na kesho yake wanafunga ndoa.

Hatua ya pili: tafuta pale hadithi ilipokwama

Hii ndiyo kazi yenyewe ya msomaji. Kila kisa cha kale kina mahali ambapo msimulizi alifika akashindwa kuwaza mbele, akaita mungu, kifo au mageuzi ya mwili vimtoe. Mahali hapo ndipo mwandishi wa leo anapopaswa kufanya kazi, na ndipo unapopaswa kumpimia.

Kwa Iphis, tazama mwanzo na mwisho kwa pamoja. Mwanzoni baba anasema, kwa maneno mengine, kwamba binti hatoshi kuwa mtoto. Katikati Iphis mwenyewe anasema kwamba binti hatoshi kuwa mpenzi. Amri ya baba imehama kutoka kinywani mwake hadi moyoni mwa msichana aliyeponea chupuchupu kuuawa kwa amri hiyohiyo. Sasa tazama mwisho: nyumbani kwa Ligdus hakuna binti tena. Baba amepata mtoto wa kiume aliyemtaka tangu siku ya kwanza, na hajui hata kwamba aliwahi kuwa na mwingine. Isis ameokoa uhai wa mtoto na ameokoa harusi, lakini msichana ametoweka, na agizo la baba limetimia kwa njia ya muujiza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ovid alimpa msichana nafasi ndefu ya kueleza mapenzi yake kwa msichana mwenzake, jambo ambalo ni adimu katika maandishi yaliyotufikia kutoka Roma. Alimfanya mama kuwa shujaa wa kisa. Alisema waziwazi kwamba wawili wale walipendana sawasawa. Wapo pia wasomaji wanaomwona Iphis kama mtu aliyefikia mwili anaoutaka, na usomaji huo una mashiko yake: kisa kinaisha kwa furaha, na Iphis mwenyewe anamtolea Isis shukrani. Usiufute. Uweke pembeni ya ule wa kwanza, uone mwandishi unayemsoma amechagua njia ipi na kwa nini.

Hatua ya tatu: sasa fungua kitabu kipya

Ali Smith amekihamishia kisa Inverness, mji wa kaskazini mwa Uskoti. Dada wawili, Anthea na Imogen, wanaishi katika nyumba waliyoachiwa na babu na bibi yao. Babu aliwahi kuwasimulia walipokuwa wadogo habari za wakati yeye alipokuwa msichana, akapigania haki ya wanawake kupiga kura. Wote wawili wanafanya kazi katika Pure, kampuni inayouza maji ya chupa. Siku moja Anthea anatoka nje na kumkuta mtu amepanda juu ya ngazi, amevaa sketi ya Kiskoti, anaandika kwa rangi kwenye bango la kampuni kwamba maji ni haki ya binadamu na hayafai kuuzwa. Anthea anadhani anamtazama mvulana mzuri sana. Ni msichana, anaitwa Robin, na Anthea anampenda papo hapo.

Soma sehemu hii polepole, kwani kazi kubwa inafanyika kimyakimya. Kwa Ovid, Iphis anahesabiwa kuwa mvulana kwa sababu ya uongo uliookoa maisha yake. Kwa Smith, Robin anaonekana mvulana na msichana kwa wakati mmoja, hakuna anayedanganya, na hakuna anayehitaji kuokolewa na mageuzi. Hadithi imefika mlangoni pa Ovid na kukataa kupitia humo.

Baadaye Robin anamsimulia Anthea kisa cha Iphis, na Anthea anamkatiza mara kwa mara, anauliza, anabisha, anatania. Weka alama pembeni mwa kila swali lake. Sisi tuliokulia na fasihi simulizi tunajua kwamba hadhira ina haki ya kumkatiza fanani, na kwamba hadithi hujengwa na wote wawili. Smith ameiingiza haki hiyo ndani ya riwaya: kisa kilichokaa karne nyingi bila mtu wa kukiuliza kinaulizwa na msichana aliye katikati ya mapenzi yaleyale.

Halafu mtazame Imogen, anayeitwa Midge. Sura anayoisimulia imejaa mabano. Ndani ya mabano ndimo anamoficha hofu yake kuhusu dada yake: anatafuta wa kumlaumu, anarudi kwenye ndoa ya wazazi iliyovunjika, anashindwa hata kutamka dada yake ni nani. Wasomaji wenye haraka humchukia. Usimchukie. Midge amelelewa na amri ya Ligdus kama wengine wote, na amri hiyo inamla yeye pia: anajinyima chakula ili mwili wake ukubalike, na kazini anavumilia mizaha michafu ya wanaume. Pure inapompandisha cheo na kumtaka atunge maneno ya kuficha maovu yake, anaondoka. Badiliko lake ni mageuzi makubwa kuliko yote kitabuni, na halihitaji madhabahu kutikisika.

Sehemu ya kuiangalia kwa makini zaidi ni ile ambapo Robin na Anthea wanaandika kwenye kuta za mji. Wanaandika takwimu za dhuluma dhidi ya wanawake duniani: ujira mdogo, mali isiyo mikononi mwao, na wasichana wanaouawa kabla ya kuzaliwa au wanapozaliwa kwa sababu tu si wavulana. Chini yake wanatia saini kwa majina ya Iphis na Ianthe. Hapo ndipo ncha mbili za kitabu zinapokutana. Amri ya Ligdus haikuisha Krete, ingali inatolewa. Ovid aliubadili mwili wa msichana ili ulimwengu ubaki ulivyo. Smith amewaacha wasichana na miili yao, akawatia rangi mikononi ili waubadili ulimwengu.

Hatua ya nne: pima ufeministi wa kitabu kwa kuuliza nani analipa

Kumpa mwanamke nafasi ya msimulizi hakutoshi. Malkia anaweza kusimulia kurasa 400 juu ya maumivu yake huku mjakazi wake akibaki kivuli kinachobeba maji. Unaposoma, andika majina ya wanawake wote, kisha uliza yupi ana jina, yupi hana, na yupi anaumia ili mwingine ang'are.

Kipimo kizuri ni wajakazi wa Penelope, mke wa Odysseus. Katika kitabu cha 22 cha Odisei, Odysseus akishawaua wachumba waliovamia nyumba yake, wajakazi 12 wanalazimishwa kubeba maiti na kuosha damu ukumbini, kisha wananyongwa kwa kamba kwa kosa la kulala na wachumba hao. Walikuwa watumwa, na hakuna aliyewauliza kama walikuwa na uwezo wa kukataa. Atwood anamwacha Penelope azungumze, lakini kati ya sura zake wajakazi wanaingia kama kundi la waimbaji, wanaimba, wanadhihaki, wanamfikisha Odysseus mahakamani. Hawamwachi hata Penelope alale salama. Nauheshimu uamuzi huo, maana Atwood amekataa kumsafisha mwanamke mkubwa kwa gharama ya wadogo. Peleka swali hilohilo kwa kila kitabu kinachojitangaza kuwa cha wanawake.

Hatua ya tano: pima mapenzi kama mapenzi

Vitabu vingine huweka wapenzi wawili wa kike kama pambo la jalada. Wanatazamana mara tatu, wanabusiana mara moja, mmoja anakufa. Uliza mambo ya kawaida ambayo ungeuliza juu ya wapenzi wowote. Je, wanazungumza, na mazungumzo yao yana ladha yao wenyewe? Je, wana siku ya kawaida, ya kupika na kununiana? Je, kuna jambo wanalotaka mbali na wao wenyewe? Na mwandishi akimuua mmoja, je, kifo hicho kinatokana na kisa au na mazoea ya kuwaadhibu wanawake wa namna hii?

Mazoea hayo ni ya zamani. Katika kitabu cha 2 cha Metamorphoses, Jupiter, mfalme wa miungu, anamnasa Callisto kwa kujigeuza sura ya Diana, mungu wa kike ambaye Callisto ni mwandani wake katika uwindaji. Callisto anamkaribisha kwa furaha, kwa sababu anadhani ni Diana. Anabakwa, anapata mimba, anafukuzwa na Diana mwenyewe, kisha Juno, mke wa Jupiter, anamgeuza dubu. Ile furaha ya kumwona Diana ndiyo iliyotumika kama mtego. Mwandishi yeyote anayekigusa kisa hiki leo ana deni la kuirudisha furaha hiyo kwa mwenyewe.

Kwa upande mwingine, kuna ushahidi wa kale kwamba mwanamke aliweza kuyasema mapenzi haya bila kujiita kioja. Sappho, mshairi wa kike, aliishi kisiwani Lesbos takriban miaka 600 kabla ya Ovid. Kazi zake nyingi zimepotea. Tulicho nacho ni shairi moja kamili na vipande, baadhi vikiwa vimefukuliwa kwenye mafunjo huko Oxyrhynchus nchini Misri. Katika kimojawapo, kilichochapishwa mwaka 1914, anamtaja Helen, yule ambaye wanaume wengi walimlaumu kwa vita ya Troia. Sappho hamlaumu. Anamtumia kuthibitisha kwamba kilicho kizuri kuliko vyote ni kile mtu anachokipenda, kisha anamkumbuka Anactoria aliye mbali, ambaye mwendo na uso wake vina thamani kwake kuliko majeshi. Kisome kipande hicho kabla ya riwaya yoyote ya sasa. Utaona kwamba wanawake wanaosimulia upya leo wana mtangulizi, na hawakumzua.

Hatua ya sita: usikubali hoja kwamba hadithi imeharibiwa

Utamsikia mtu akisema kwamba waandishi hawa wameharibu hadithi asilia. Mjibu kwa mifano. Euripides, mwaka 412 KK, aliwaonyesha Waathene tamthilia ambamo Helen hakufika Troia kamwe. Alikuwa Misri muda wote, na wanaume walipigania kivuli chake. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anasema Medusa alilala na Poseidon kwenye uwanda wa majani laini. Ovid anasema alibakwa hekaluni mwa Minerva, akaadhibiwa yeye aliyeonewa. Huwezi kusema ni yupi aliyeharibu. Visasili viliishi kwa sababu kila kizazi kilivisimulia kwa haja yake.

Hoja hii, hata hivyo, inamdai na mwandishi mpya. Akibadilisha, awe anakijua anachokibadilisha. Kitabu kinachodai kurekebisha kosa ambalo kisa cha kale hakikulifanya kinamdhulumu msomaji, na wewe uliyepitia hatua ya kwanza utalitambua hilo mara moja.

Hatua ya saba: jitayarishe

Tengeneza orodha ndogo ya majina kwenye karatasi uitumie kama alama ya kurasa. Ovid ni Mrumi, kwa hiyo miungu yake ina majina ya Kilatini: Jupiter ni Zeus, Juno ni Hera, Diana ni Artemis, Minerva ni Athena, Venus ni Aphrodite.

Jua pia unakoingia. The Silence of the Girls, kitabu cha Pat Barker juu ya Briseis, kina ubakaji na utumwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kitabu cha haki, lakini si cha kusoma usiku ukiwa na jeraha bichi. Kama unatafuta furaha, anza na Girl Meets Boy.

Vitabu hivi vinasomwa zaidi kwa Kiingereza. Ukitaka kuwaingiza wenzako katika ulimwengu wa Ugiriki kwa Kiswahili, Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode, na ni mlango mzuri wa kusomea kwa sauti, watu wakigawana nafasi.

Neno kuhusu wenzako hao. Katika nchi zetu kadhaa za Afrika Mashariki, sheria inaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na macho ya jamaa yanaweza kuwa makali kuliko sheria. Wachague wa kusoma nao kwa busara. Mtu akikuambia kwamba kitabu hiki kimemgusa kwa namna yake, litunze neno hilo. Si lako kulipeleka kwa mwingine. Na kama huna wa kusoma naye, soma peke yako bila unyonge.

Ukishamaliza

Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chako, ukijibu maswali matatu: kisa cha kale kilikwama wapi, mwandishi mpya alifanya nini hapo, na nani bado hajasemewa. Swali la tatu ndilo gumu. Katika Iphis na Ianthe, kwa mfano, Ovid hakumpa Ianthe sauti yake kabisa. Ianthe alimpenda nani hasa: mvulana aliyeambiwa ataolewa naye, au yule msichana aliyesoma naye na ambaye hakutoka hekaluni? Hakuna aliyemuuliza siku ya harusi. Mwandishi atakayemuuliza atakuwa na kitabu mkononi, na hakuna sababu asiwe msomaji wa ukurasa huu.